Pikapu Isiyotoa Moshi

Taa ya rangi ya machungwa iliwaka Thoya akiwa ameshaingia njia ya Jilore, akakasirika. Siku zote hizo! Leo anakwenda ukweni ndiyo inachagua kuwaka!

Asubuhi alikuwa amevuta lori la chumvi kutoka Marereni hadi Malindi, polepole, na kazi ya polepole ndiyo inayoijaza masizi ile filta ya moshi. Wenzake wa kazi ya kuvuta magari walikwisha kuzikata filta zao wakazitupa. Sasa wakipita mtaa wa Barani wanamwaga wingu jeusi, waliofua wanaanua nguo huku wakitukana. Thoya alikataa katakata. Pikapu yake haikutoa moshi wala haikuwahi kumlaza njiani, na alijivunia hayo mbele ya kila mtu.

Kuitunza alijua. Siku aliyoinunua, fundi Ochola alimwambia: "Taa hiyo ikiwaka, usizime injini. Iache ingurume, filta ijichome masizi yake, taa itazimika yenyewe." Ochola alikuwa na maneno mengine, lakini simu ya Thoya ililia, kuna mtu amekwama Gongoni, akaondoka mbio.

Haya. Safari hii ilikuwa ya kumchukua mkewe, Kahonzi, aliyerudi kwao baada ya mazishi ya Kabibi, mtoto wao wa pekee.

Kurudi nako ni kusema tu. Thoya alimfukuza. Jiko lao la makuti liliungua jioni moja, Kahonzi ameenda kuteka maji, na Kabibi amepitiwa na usingizi mkekani mle ndani, babake hana habari. Thoya ndiyo kwanza alikuwa ametoka kazini. Aliiacha pikapu ikinguruma pale pale inapolala siku zote, kwenye kivuli cha jiko, akaingia kuoga. Makelele yalipoanza alitoka na taulo, akarukia usukani, akaitoa hadi barabarani, maana tangi lilijaa dizeli. Majirani walimsifu. Angechelewa kidogo, walisema, nyumba zote zingeteketea. Kisha mtu akauliza mtoto yuko wapi.

"Uliacha moto jikoni." Hayo ndiyo maneno aliyomwambia mkewe kaburini, watu wote wakisikia.

Sasa matanga yamepita na nyumba imemshinda. Akitoka kazini hakuna wa kumwambia pole. Alimpenda mkewe, jamani, na kumkosa kulimuuma karibu sawa na ule msiba wenyewe. Akapiga moyo konde: atamsamehe.

Alifika, akaegesha kando ya lundo la makuti makavu ambayo baba mkwe, Mzee Mangi, aliyaweka tayari kwa kuezeka nyumba. Injini hakuizima. Alishuka na dumu la tembo la mnazi, kama impasavyo mkwe aliyekuja kumrudisha mke.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Keti. Chai hakuna, utuwie radhi. Mama yao yuko sokoni, na huyu mwenzio tangu aje hajawasha moto. Hata kiberiti hakigusi."

Kahonzi alitoka ndani, leso kichwani. Alikuwa amekonda mpaka Thoya akaangalia chini.

"Mama Kabibi, nimekuja twende nyumbani. Nimekusamehe."

"Niliumwagia maji ule moto, Baba Kabibi. Nikatia mkono kwenye majivu. Yalikuwa baridi."

"Tusianze tena."

"Sitaki kusamehewa. Nataka uniamini."

"Jiko halijiunguzi!" Thoya alifoka. "Ningeweza kukuamini si ningeshakuamini? Nimemtoa mwanangu majivuni kwa mikono hii. Wataka nisemeje?" Akalia mbele ya mkwewe, bila kujali aibu.

Mzee Mangi aligeuka akatazama mihogo yake.

Kahonzi alifinya ncha ya leso. Alikuwa amechoka. Alimtaka mumewe. Alitaka kaburi la mwanawe liwe karibu, alifagie kila asubuhi, na njia ya kulifikia ilikuwa moja tu.

"Basi ni mimi," akasema. "Huenda nilisahau. Nisamehe, Baba Kabibi. Nimemuua mwanetu."

Thoya alimshika mkono. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi, kifua chake kilipata nafasi ya kupumua. Akauokota mfuko wa nguo wa mkewe pale mlangoni.

"Moto!" Mzee Mangi alipiga ukelele. "Moto, jamani!"

Lundo la makuti lilikuwa limeshika, na ndimi za moto zilitokea pale lilipotazamana na bomba la ekzosi. Thoya alirukia usukani, akaitoa pikapu hadi njiani. Kahonzi alimwaga ndoo ya maji, na nyingine, baba yake akipigapiga kwa tawi bichi, mpaka moto ukafa.

Thoya hakushuka. Alikaa na mikono kwenye usukani. Injini ilinguruma vizuri, na nyuma yake hapakuwa na moshi hata kidogo.

Kahonzi alikuja mpaka dirishani, ndoo tupu mkononi, akaiona ile taa ya machungwa.

"Baba Kabibi," akauliza, "jioni ile gari uliliegesha wapi?"