Njaa ya Koplo Mbaruku

"Nani amempa uji?" Zuwena alifoka, akiigonga bangili yake kama redio mbovu. "Siku ya Mateka wa Vita, na mimi nasikia shibe!"

Kila mwaka mtaa mzima ulivaa bangili zilizopokea kila alichosikia tumboni Koplo Mbaruku kupitia bangili yake, ili kumuenzi kwa kuonja njaa aliyoipata miaka minne mikononi mwa adui. Ili njaa ifike kali, mzee alinyimwa chakula siku tatu. Mwaka jana Zuwena alizirai mbele ya kamera, mtaa ukapata medali, akazinduka pilau ilipopakuliwa.

"Nimempa mimi," akajibu Mashavu, jirani wa ukuta mmoja na koplo. "Mabakuli mawili."

"Huna uzalendo, shoga! Mwenyewe mbona halalamiki?"

"Kulalamika alikomeshwa huko. Nyinyi mmemmalizia."

Mashavu akawatazama majirani waliokusanyika, vitambi mbele, wakililia njaa ya kuazima, akasonya. Akamwendea mzee kibarazani, aliyekaa mikono nyuma ilhali hakuna aliyemfunga.

"Babu, ingia kwangu ule."

Mzee akamtazama Zuwena kwanza. "Wameruhusu?"

"Ingia, babu. Leo utakula mpaka wao wavimbiwe."