Chini ya Nyota ya Buluu

Lori la wakimbizi waliokuwa wakirudi nchini kwao lilisimama Kacyiru giza likianza kuingia, mwishoni mwa mwaka 1994. Watu wote walishuka na magodoro yao, isipokuwa baba yake Shallon, aliyebaki ameng'ang'ania ubao wa lori.

"Ile nyota yetu iko juu ya kichwa?" aliuliza.

Katika kambi ya wakimbizi Uganda, kabla hajawa kipofu, kila ilipoonekana aliwaonyesha watoto nyota ya buluu upande wa kusini. Nyumbani, aliwaambia, ni chini yake.

Shallon aliinua uso. Nyota iliwaka juu ya vilima, kusini vilevile, kana kwamba hawakusafiri kabisa. Dereva alishaanza kunung'unika. Angesema "ndiyo" tu, mzee angeshuka.

"Hapana, baba," alisema. "Bado iko mbele, mbali kama zamani."

Mzee aliuachia ubao. Kisha akacheka, kicheko ambacho Shallon hakuwahi kukisikia kambini.

"Basi nilikosea nyota," alisema. "Nyumbani sikukosea. Nishike mkono."

Akavua kandambili, akateremsha mguu mmoja taratibu, akiitafuta ardhi kwa kidole gumba.