Farasi wa Hekaluni na Koti la Dobrogost

Dobrogost alikuwa analima alipomwona farasi mweupe akikatiza shamba lake, hana mpandaji wala hatamu. Nyuma yake walikuja wazee ishirini na kuhani mmoja juu ya farasi wao, wakimfuata kimya.

Alimjua yule farasi. Miaka mitatu nyuma alimwiba kwa mchuuzi mpita njia, akamficha ghalani majira yote ya baridi, akimlisha mkate mweusi aliouficha ndani ya mkono wa koti lake la ngozi ya kondoo. Theluji ilipoyeyuka woga ukamshinda, akamwachia msituni. Makuhani wakamwokota, wakasema ni wa mungu. Makuhani nao wasipojua jambo hulitungia hadithi. Wakamfuga hekaluni.

Sasa amewaleta wazee kwa mwizi wake. Na kwetu mwizi wa farasi hunyongwa papo hapo, wala hazikwi.

Mdogo wake, Nemir, alikuwa ameinama akitazama kwato ya maksai.

"Mdogo wangu, vaa koti langu. Baridi itakuua."

"Leo ndiyo umeiona baridi yangu?" Nemir alicheka. "Mtawala kafa hana mtoto, na wewe umeingiwa na huruma. Mwaka huu una mambo. Na wale ni nani?"

"Wapita njia. Shika plau, nakuja."

Dobrogost alimvika koti, akakimbilia ghalani, akachungulia kwenye ufa wa mbao. Aibu ilimkaba, aibu ya kweli, maana Nemir hakuwahi kumkosea. Lakini shingo ni moja.

Farasi alikwenda moja kwa moja kwa Nemir, akatia pua ndani ya mkono wa koti. Wazee wakashuka. Dobrogost akafumba macho.

Hakusikia kilio. Alipofumbua, wazee wote walikuwa wamepiga magoti matopeni, na kuhani anamvisha mdogo wake joho jekundu.

"Tulimwachia farasi atutafutie mtawala," kuhani alisema. "Amekuchagua wewe, na kizazi chako baada yako."

Dobrogost alitoka mbio. "Si yeye! Koti ni langu! Farasi ananijua mimi, niliyemwiba ni mimi, nimemlisha kwa mkono huu!"

Wazee walimgeukia mtawala wao. Nemir alilitazama koti, kisha akalitazama ghala.

"Nikumbusheni," akasema, "kwetu mwizi wa farasi hufanywa nini."