Kitone cha Kijani

Kioo kizima cha kompyuta yake kilikuwa chekundu, isipokuwa kitone kimoja.

Pankras alikisogelea. Yeye ndiye aliyesimamia kompyuta za zahanati zote za shirika, kuanzia Mbinga mjini hadi ziwani, nazo zilikuwa za kila ukoo: za Wajerumani, za Wakorea, nyingine kuukuu hadi uzipige kofi ndipo ziwake. Kitone cha kijani, kompyuta iko hai. Chekundu, imezimika. Na wekundu ulimkera kuliko jino bovu. Wiki iliyopita aliwafokea wauguzi wote kwa simu: "Inyeshe mvua, liwake jua, kompyuta isizimike! Ikizimika, utanieleza."

Mvua ikanyesha kweli, wiki nzima, ikazizima zote. Ilibaki ya zahanati ya ufukweni tu, na huko ndiko Benadetha, binti yake wa pekee, alikojifungua asubuhi hiyo kabla ya miezi kutimia. Mkwewe alipiga simu akasema mtoto anapumua kwa shida. Kisha mtandao wa simu ukakatika; zikabaki habari za vitone tu, vilivyopita kwenye setilaiti.

"Baba Bena, twende!" Mkewe, Hedwiga, alikwisha kujifunga khanga kiunoni.

"Twende wapi na barabara imekatika? Hebu tazama: kijani! Kule wanatumia sola tupu. Kompyuta ikiwaka, umeme upo. Umeme ukiwapo, mashine ya oksijeni inafanya kazi. Wale wanajielewa bwana, siyo hawa wengine."

Hedwiga hakujua kompyuta. Aliketi mbele ya kile kitone, akakisalia rozari.

Walifika kesho yake mchana, kwa pikipiki na kwa miguu, matope hadi magotini.

Nesi Dafrosa aliwapokea mlangoni, macho chini. "Shikamoo baba. Shikamoo mama." Ndani Benadetha alikuwa akilia, sauti imemkauka.

"Si mlikuwa na mashine ya oksijeni?" Pankras aliuliza.

"Ilikataa kuwaka, baba. Betri za sola zilikuwa zimekwisha nguvu. Jua lenyewe hatujaliona wiki nzima. Tulizima taa, tukazima friji ya chanjo, tukazima kila kitu..."

Pankras alitazama nyuma ya nesi. Juu ya meza, chini ya kitambaa cheupe cha kufumwa, kompyuta ilikuwa inawaka.

"...tukaiacha hiyo tu, usiku na mchana, kama ulivyoagiza."