Kichwa cha Meneja

Tunu, msusi, alijifunza vitenzi vya Kiingereza kwenye vichwa vya wateja. Nywele za kushoto zilikuwa jana, za katikati leo, za kulia kesho.

"Shoga, unaniroga?" walimtania akinong'ona huku anasuka.

Siku ya usaili wa kazi hotelini, meneja alimwambia, "Haya binti, 'pika' kwa Kiingereza. Jana, leo, kesho."

Tunu alimtazama kichwani. Meneja akavua kofia afute jasho. Kipara kitupu. Yote aliyoyajua yakamchanganyikia.

"Umesahau?"

"Sijasahau, mzee. Sioni pa kuanzia."

Mikono yake ikapanda yenyewe, ikaanza kugawa hewani nywele zisizokuwepo. Meneja aliitazama, kisha akasogeza kiti na kumwinamishia kichwa.