Kidole cha Mama

Gia za plastiki zilikuwa zimesagika meno mara mbili, na kila mara dirisha zito la kupandisha la chumba cha mama yake likaanguka kwa kishindo. Safari hii fundi redio alinunua gia mbili za chuma, moja ya meno kumi na mawili, nyingine ya sitini.

"Idadi isikutishe, dada," muuza vipuri alimwambia. "Hakikisha ukubwa wa jino unalingana, la sivyo zitatafunana."

Alizifunga ukutani kando ya dirisha, mpini kwenye ndogo na kamba ya kuvutia dirisha kwenye kubwa, akazipaka grisi, akamwita mama yake. Tangu apate kiharusi, mwaka wa pili sasa, mama hakuwahi kujifungulia dirisha.

Mama aliweka kidole cha shahada kwenye mpini, maana vingine havikumtii. Akasukuma. Gia ndogo ikazunguka, kubwa ikaifuata taratibu, jino kwa jino, na dirisha likaanza kupanda. Hata fundi, aliyejua kwamba gia hizo zinapunguza uzito mara tano, alijikuta amebana pumzi.

"Usinisaidie, mwanangu."

"Sijashika kitu, mama." Akamwonyesha viganja vyote viwili, vyeusi kwa grisi.

Mama alikitazama kidole chake, kikiwa bado kimeushikilia mpini, kisha akasukuma tena.

"Sogea basi," alisema kwa sauti ya chini. "Unanizibia upepo."