Wembe wa Matanga

Siku ya kuondoa matanga, ndugu wa marehemu walikaa mkekani wanyolewe. Sévère naye akainamisha kichwa, nywele zimekwisha kuloweshwa. Miaka thelathini alilala na marehemu chumba kimoja hapa Uvira, wanaume wawili, na mama wa marehemu alimwita mukwe mbele ya watu. Hakuna aliyeshtuka.

Dada wa marehemu, aliyezoea kumwita shemeji, alimfikia na wembe. Akamtupia jicho pasteri aliyeketi kando. Siku hizi pasteri ana jina la wanaume wa namna ile, na kila Jumapili analitemea mate.

"Muzee," dada akauliza, "weye ulikuwa nani yake?"

Maji yalimtiririka Sévère hadi shingoni.

"Minye nilikuwa jirani."

Dada akampangusa kichwa polepole kwa ncha ya kitenge chake, kisha akapaza sauti wote wasikie:

"Jirani hanyolewi."